Barua kwa mwanangu anayekwenda kusomesha skuli ya bweni

Mwanangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Sote hapa Wete wazima, mama yako anakusalimu.

Umeniuliza kama yale uliyoyaona kwenye filamu ya Child's Play, ile ya Sidney Lumet ya 1972, yanaweza kutokea kweli. Umepata kazi ya kusomesha Hisabati katika skuli ya bweni ya mapadri huko bara, wavulana watupu, na sasa usingizi umekuruka: katika filamu ile vijana wanaumizana bila ugomvi, aliyeumizwa hamtaji mtu, na Malley, mwalimu mkali wa Kilatini, anaandamwa mpaka anajiua. Umeniuliza mimi kwa kuwa sehemu kubwa ya utumishi wangu nimelala dahalia na vijana.

Yanaweza, mwanangu. Wala hahitajiki shetani.

Ukatoliki uutoe katika hofu yako. Mapadri wa Roho Mtakatifu wamefika Unguja tangu 1863, kabla hawajafungua misheni yao Bagamoyo 1868, na wazee wetu wengi Waislamu wamesomeshwa na watawa wakarudi na dini yao. Anayenitisha mimi mle ndani ya filamu ni Dobbs, mwalimu anayependwa na kila mtu. Anawasikiliza vijana, anawabembeleza, na katika mapenzi hayohayo anawatia chuki juu ya mwenziwe.

Watu wa namna hiyo nimewaona. Palikuwa na mwalimu akiwaita vijana wachache nyumbani kwake baada ya Isha, chai na mandazi, na mazungumzo yote ni juu ya mwalimu mwengine: kavaa nini, kakosea nini, mkewe kamkimbia kwa nini. Hakuwaambia wafanye lolote. Baada ya muda vyandarua vikaanza kukatwa kwa wembe usiku. Nilivishika kwa mikono yangu: mkato ni mmoja, umenyooka, kuanzia usawa wa uso wa aliyelala. Kila kijana niliyemuuliza alisema panya. Nikaanza kuangalia vyandarua vya nani, nikaona vyote ni vya vijana waliokuwa wakienda kusaidiwa masomo na yule mwalimu anayesemwa. Chai ya usiku tukaipiga marufuku, na wembe ukakoma.

Kwa nini hawakusema? Kwa sababu kijana wa bweni akishasema anarudi kulala kitanda kilekile, kati ya watu walewale, na mlango unafungwa. Filamu ile imelipatia vizuri jambo hili. Kwa hiyo usimwite mtoto jina lake kwenye mstari wa asubuhi ukamwambia aje ofisini; umeshamuuza. Mkute anapofua, au anaposubiri dawa, umuulize habari za nyumbani kwao kwanza. Umtazame anavyolala, anavyokula, anakaa na nani. Kijana aliyekuwa akimaliza sahani na sasa anagawa chakula chake kila siku, huyo mfuate.

Na wewe mwenyewe, usishindanie mapenzi ya wanafunzi. Nakujua, unapenda kupendwa, na vijana watakugundua wiki ya kwanza. Watakuletea maneno ya walimu wenzako kama zawadi. Kijana akikwambia kaumizwa au kashikwa vibaya, na mtu yeyote, awe mwalimu, kiranja au padri, msikilize mpaka mwisho, andika, na uchukue hatua siku ileile. Sheria ya Mtoto ya 2009 ipo huko bara, na namba 116 ya simu ya kusaidia watoto hupigwa bure. Lakini akija kumcheka mwalimu mwenzako, usicheke naye hata kidogo. Kicheko chako atakipeleka bwenini, na huko kitafanya kazi usiyoijua.

Halafu huyo mwalimu mkali utakayemkuta, maana hakosekani, kaa naye. Kunywa naye chai wanafunzi wakiwaona. Malley aliachwa peke yake na watu wazima wenziwe, na vijana waliliona hilo mapema.

Ukiripoti kazini, muulize mkuu wa skuli ni mtu mzima gani analala karibu na vijana, na usiku ufunguo wa bweni anao nani. Kisha niandikie alivyokujibu.

Baba yako