Maswali ya Mafundi: Ping Inajibu, Lakini Mtambo Unasimama

SWALI: Mtambo wetu wa kujaza chupa unatumia PROFINET (mtandao wa Etheneti wa viwandani). Inveta ya mkanda (kifaa kinachoendesha mota yake), mita 40 kutoka kwenye PLC (kompyuta inayoongoza mtambo), hupotea mtandaoni mara tatu au nne kwa siku. Mtambo unasimama, halafu inveta inarudi yenyewe. Nikipiga ping (ujumbe mfupi wa kuuliza kama kifaa kipo) inajibu kila mara. Tumebadilisha inveta, hali ni ile ile. Muda wa kusasisha, yaani kati ya data moja na nyingine, ni milisekunde 2. – Fundi umeme, Morogoro

JIBU: Ping haiwezi kukuonyesha tatizo hili. Data za PROFINET hazipitii IP, njia ambayo ping hutumia. Zinasafiri moja kwa moja ndani ya fremu (vifurushi vya data) za Etheneti zenye alama 0x8892, na PLC inazisubiri kwa muda uliopangwa. Kikomo cha kawaida ni mizunguko 3, yaani milisekunde 6 kwako. Zikipita hizo bila fremu nzima kufika, PLC inakata mawasiliano. Ping hutumwa mara moja kwa sekunde, hivyo pengo fupi namna hiyo hulipita bila kuliona.

Usibadilishe kifaa kingine kwanza. Fungua takwimu za swichi (kifaa kinachounganisha kebo za mtandao) kwa kila tundu, andika makosa ya CRC (hesabu ya kukagua kama fremu imefika salama) na idadi ya fremu zilizotupwa, kisha zisome tena mara tu mtambo unaposimama.

CRC ikipanda, fremu zinaharibika njiani. Mara nyingi kebo ya data imelazwa pamoja na kebo ya mota. Ikiwa kebo ya mota haina shildi (ganda la chuma la kuzuia kelele za umeme), ziachanishe angalau sentimita 20, na zinapokutana zikatizane kwa pembe ya digrii 90. Shildi ya kebo ya data iguse ardhi pande zote mbili, kwa kibano kinachoizunguka yote. Tusichoke kulisema hili: shildi iliyosokotwa kuwa uzi mmoja haifai kitu mbele ya kelele za inveta.

Fremu zilizotupwa zikipanda, au hesabu zote zikiwa safi, uliza nani mwingine yuko kwenye swichi hiyo. Kamera za ulinzi ndizo tunazokutana nazo zaidi. Fremu kubwa ya baiti 1518 huchukua takriban milisekunde 0.12 kwenye mtandao wa megabiti 100. Zikipangana 50 mbele ya fremu yako, milisekunde 6 zimekwisha. PROFINET huziwekea fremu zake kipaumbele cha 6, lakini swichi ya bei rahisi isiyosoma alama hiyo huzipanga zote foleni moja. Hamisha kamera, au weka swichi inayoheshimu kipaumbele.

Ukiona kiungo chenyewe kilikatika na kurudi, kagua plagi. Mtetemo wa mkanda hulegeza plagi ya mtandao ya RJ45.

Kuongeza muda wa kusasisha hadi milisekunde 4 kutapunguza kusimama, lakini kebo mbovu itabaki mbovu. Fanya hivyo baada ya kurekebisha, na kama mashine inavumilia.

SWALI: Je, naweza kugawa tawi la EtherCAT (mtandao mwingine wa viwandani) kwa swichi ya ofisini? – Msomaji, Thika

JIBU: Hapana. Katika EtherCAT fremu moja hupita kifaa kwa kifaa, kila kimoja kikisoma na kuandika sehemu yake fremu ikiwa bado inapita, kisha inarudi kwa bwana wa mtandao, yaani kidhibiti kilichoituma. Swichi ya kawaida huipokea yote kwanza ndipo iitume, na ucheleweshaji huo usiotabirika huvuruga saa za vifaa, ambazo hulinganishwa kwa tofauti isiyofika mikrosekunde 1. Nunua kigawanyo cha EtherCAT chenyewe. Na ukishaunganisha, hakikisha kebo inaingia IN na kutokea OUT. Zikigeuzwa, mpangilio wa vifaa hautalingana na ule wa programu na mtandao utakataa kuanza.