Tabo inachelewa kuamka, niongeze busti?

SWALI: Shikamoo fundi. Niko Ntinda hapa Kampala, nina Subaru Forester yenye injini ya EJ205 ya lita 2, nilitoa tabo ya kiwanda (ile pampu inayozungushwa na moshi ili isukume hewa kwenye injini) nikaweka kubwa zaidi niliyoipata soko la Kisekka. Ekzosi ni ya inchi 3, westigeti (kilango kinachopitisha moshi pembeni ya tabo) ni ya ndani na springi yake ni ya bar 0.5. Nimefunga kontrola ya mkono ya busti, yaani presha ya hewa inayosukumwa na tabo, naendesha bar 1. Sasa nikikanyaga mafuta kwa gia ya tatu bar 1 haifiki mpaka RPM 4,200, na kila nikibadilisha gia nasubiri tena. Jamaa yangu wa Mombasa ana mashine kama hii hii na yake inajaa 3,700. Nikipandisha mpaka 1.3 si itaamka mapema?

JIBU: Marahaba ndugu yangu. Haitaamka mapema, na hiyo 1.3 naomba usiiguse kabisa kwa sasa ju pistoni za EJ205 ni za kumimina si za kufua, na pale kati ya ringi ndipo zinapopasukia injini ikianza kugonga, yaani mafuta kulipuka vibaya ndani. Busti unayoseti ni kiwango cha mwisho tu. Wewe shida yako iko njiani, kabla hujafika huko juu.

Kwanza huyo jamaa wa Mombasa. Yeye yuko usawa wa bahari, hewa ya nje ni karibu bar 1.01, hapa Kampala tuko kwenye mita 1,200 hivi na hewa ni kama bar 0.88. Maana yake kabla tabo haijajaa injini yako inavuta hewa chache, inatoa moshi mchache, na ni moshi huo huo unaozungusha tabo. Halafu geji yako ikisoma bar 1 tabo imefinya hewa mara 2.14, yake imefinya mara 1.99, kwa hiyo yako lazima izunguke kwa kasi zaidi ndio ifike namba ile ile. Sehemu ya hizo RPM 500 ni kilima chetu tu, hakuna fundi atakayekuondolea.

Zinazobaki ndizo tunazifuata. Anza na uvujaji, tena anza na upande wa moshi ambao watu wengi wanausahau: gasketi ya manifoldi, na ile paipu inayopandisha moshi mpaka kwenye tabo. Moshi ukitoka hapo umepoteza nguvu kabla haujagusa tabini, lile gurudumu la tabo linalozungushwa na moshi. Washa gari ikiwa baridi usikilize, ukisikia tik tik tik inayopungua injini ikipata moto, umeipata. Upande wa hewa ziba mdomo wa kuingilia wa tabo, jaza hewa kwa kompresa taratibu, bar 0.7 inatosha, paka maji ya sabuni kwenye mipira yote, klipsi na intakula (kipoza hewa), uangalie povu.

Ukimaliza hapo ndio tuje kwenye westigeti, na kwako hapa ndipo naona kuna kitu kikubwa. Kile kilango kazi yake ni kupitisha moshi pembeni ya tabini ili busti isizidi. Springi yako ni ya 0.5 na unataka bar 1, hiyo ni mara mbili na mimi siendi zaidi ya hapo, maana moshi wenyewe unakisukuma kilango kinaanza kufunguka kidogo kidogo ukiwa bado kwenye 0.6 huko, na moshi unaopita pembeni hauzungushi kitu. Weka springi ya 0.7 au 0.8. Kukaza fito ya akchueta, kile kifaa kinachosukumwa na presha kufungua kilango, pia kunasaidia lakini ni mizunguko michache tu, ukikaza sana kilango hakitafunguka vizuri na busti itapanda yenyewe kule RPM za juu.

Na kontrola yako ni ya aina gani? Ile ya kumwaga hewa tu inaacha presha iguse akchueta tangu mwanzo. Ya gololi na springi inazuia presha yote mpaka kiwango kifike, hiyo ni bora zaidi, ila lazima iwe na kitundu kidogo sana upande wa akchueta. Kitundu kikiziba au kisipokuwepo presha inabaki imefungiwa kwenye mpira, kilango kinabaki wazi ukiachia mafuta, halafu ukiingiza gia ya nne unakanyaga kilango kikiwa bado wazi. Huko kusubiri kwako kwa kila gia nashuku sana kunatoka hapa. Angalia hicho kabla hujanunua chochote.

Kama mfuko unaruhusu, solenoidi ya njia 3 (valvu ya umeme) inayoendeshwa na kompyuta ya gari inashinda zote. Inatoa presha yote nje, akchueta haioni kitu mpaka ukaribie bar 1. Mipira iwe mifupi, kile kizibo cha kiwanda chenye tundu dogo ndani ya mpira kitolewe, halafu mtyunaji (fundi wa kuseti kompyuta ya gari) aanze na asilimia ndogo ya solenoidi kufanya kazi akiongeza 5 kwa 5 huku anarekodi busti, RPM, uwiano wa hewa kwa mafuta na kugonga kwa injini, na kukata mafuta kuwekwe busti ikifika bar 1.15. Wapimie kwenye dino (mashine ya kupima gari ikiwa imesimama), si barabarani Northern Bypass.

Ukifanya yote ukabaki kwenye 3,900, basi tabo ni kubwa kwa lita 2 na dawa ni nyumba ya tabini ndogo zaidi, kontrola haizalishi moshi. Ile mbinu ya kuchelewesha cheche ili mafuta yawakie kwenye manifoldi waachie watu wa Pearl of Africa Rally, inachoma valvu na tabo yenyewe na wao wana bajeti ya kubadilisha.

Na siku ukienda Kabale, kule juu zaidi hewa ni karibu bar 0.80, rudisha busti mpaka bar 0.9 kabla hujaanza kupanda.