Mwanangu, ukitoka maabara kwenda kwenye hataza

Uyole, Mbeya

Mwanangu,

Barua yako nimeisoma mara mbili. Unauliza hivi: ukimaliza uzamivu wako wa sumukuvu kwenye mahindi, kisha ukaacha maabara ukaenda kwenye uhawilishaji wa teknolojia (kuyapeleka matokeo ya utafiti kwa watakaoyatumia) au miliki ubunifu (haki za kisheria juu ya uvumbuzi na ubunifu), je, miaka hiyo yote itakuwa imepotea? Na kama haitapotea, uanzie wapi?

Haipotei. Kazi yenyewe huanza na mtu anayeweza kukaa na mtafiti, akamsikiliza, akatambua ni kipi hasa ambacho jana hakikuwepo. Mwanasheria akiambiwa kwamba kingamwili zimeshikizwa kwenye karatasi ya kipimo kwa namna fulani, hawezi kujua kama hilo ni geni au limo katika kila kitabu cha mwaka wa pili. Wewe unajua. Ndiyo maana Marekani mtu haruhusiwi kukalia mtihani wa uwakala wa hataza za uvumbuzi, yaani hati zinazompa mvumbuzi haki ya kuzuia wengine, bila msingi wa sayansi au uhandisi, ila anaruhusiwa kuukalia bila kuwa wakili.

Kitakachobadilika ni maswali. Maabara wanauliza: ni kweli? Huko wanauliza: ni kipya? Nani atakilipia? Ni cha nani? Hilo la tatu watu wa sayansi hulidharau, na ndilo linalovunja makubaliano siku ya kutia saini. Kwa hiyo fomu ya kwanza ya uvumbuzi ikifika mezani kwako, usianze na matokeo. Omba mkataba wa ufadhili, usome kifungu cha umiliki. Uliza sampuli zilitoka wapi, na kama zilikuja na makubaliano yanayompa mwenye sampuli sehemu ya kitakachopatikana. Uliza mwanafunzi aliyeshiriki alitia saini kitu gani na chuo. Halafu chukua daftari la maabara uone nani alifanya nini na tarehe ngapi. Orodha ya waandishi wa makala si orodha ya wavumbuzi: mkuu wa idara aliyetoa chumba na fedha si mvumbuzi kwa sababu hiyo, na fundi aliyependekeza hatua iliyofanya kifaa kifanye kazi anaweza kuwa mvumbuzi. Kuwaeleza watu hilo kwa heshima bila kuwavunja moyo ni sehemu kubwa ya kazi, tena ngumu kuliko sheria yenyewe.

Sasa nikuonyeshe kitu kimoja kwa karibu, kwa sababu hapa ndipo ujuzi wako utapimwa. Hataza ina muhtasari, maelezo, michoro na madai. Haki yote iko kwenye madai, yaani sentensi zinazotaja kile kinacholindwa. Tuseme fundi wa hapa Uyole ametengeneza mashine ya kupura maharage isiyopasua punje. Anaandika: “Mashine ya kupura maharage yenye ngoma iliyovikwa mpira wa milimita 8, wavu wenye matundu ya duara, na injini ya petroli.” Linasomeka vizuri, lakini ni dai bovu. Ili mtu awe amevunja haki, mashine yake lazima iwe na kila kitu kilichotajwa. Jirani ataweka mota ya umeme badala ya injini, na hapo ametoka nje ya dai. Mwingine ataweka mpira wa milimita 12, naye ametoka. Wewe unatakiwa umuulize fundi: kinachozuia punje kupasuka ni nini? Akisema ni ulaini wa kile kinachoivika ngoma pamoja na nafasi kati ya ngoma na wavu, basi dai la kwanza litaje hivyo viwili tu, kwa upana ambao majaribio yake yanaweza kuubeba. Injini, unene kamili wa mpira na umbo la matundu vinashuka kwenye madai ya pili na ya tatu, yanayolitegemea lile la kwanza. Ukilipanua mno, mchunguzi wa ofisi ya hataza atakuletea mashine ya zamani yenye hivyo viwili na dai litaanguka. Hapo ndipo yale ya chini yanaokoa.

Kosa linalouma zaidi ni kutangaza mapema. Bango la mkutano wa kisayansi, tasnifu iliyowekwa kwenye maktaba ya chuo, hata maonyesho ya Nane Nane pale viwanja vya John Mwakangale, vyote vinaweza kuondoa upya wa uvumbuzi kabla ombi halijawasilishwa. Marekani humpa mvumbuzi mwaka 1 tangu alipojitangazia mwenyewe. Ulaya hakuna nafasi ya namna hiyo. Kwa hiyo uliza kila mtafiti: tasnifu inawasilishwa lini, bango linabandikwa lini? Andika tarehe hizo ukutani. Makala haizuiwi. Wasilisha ombi Jumatatu, atume makala Jumanne.

Tukija kwenye muda na fedha, ombi likishapokelewa, BRELA (wakala wa usajili wa biashara na leseni hapa Tanzania) au ARIPO (shirika la kikanda la miliki ubunifu la Afrika) kule Harare, una miezi 12 ya kuomba nchi nyingine huku ukihesabiwa kwa tarehe ya kwanza. Ukipitia mkataba wa kimataifa wa ushirikiano wa hataza, PCT, ambao Tanzania imo, ombi huchapishwa kwa kawaida baada ya miezi 18, na kwenye mwezi wa 30 kwa nchi nyingi unalazimika kuingia nchi moja moja, ukilipa ada na tafsiri kila mlango (ARIPO wanakupa hadi mwezi wa 31). Vyuo vingi hukwama hapo. Wameshangilia kuwasilisha, wakasahau kutafuta kampuni ya kuchukua leseni, na mwezi wa 30 unafika hakuna wa kulipa. Mtu mzuri wa ofisi hii anaanza kupiga simu kwa wasindikaji na watengenezaji mwezi wa 3 au wa 4, akiwa amewasainisha makubaliano ya kutunza siri, na akikosa anayejali anathubutu kusema tuliache hili ombi.

Mbegu zina njia yake. Aina mpya ya maharage kama zile zinazotoka hapa Uyole hulindwa na haki za wagunduzi wa mbegu, kwa sheria ya mwaka 2012. Tanzania iliingia UPOV, umoja wa kimataifa wa kulinda aina mpya za mimea, mwaka 2015. Huko kuchapisha makala hakuharibu, kuuza ndiko kunakoharibu: ikizidi mwaka 1 tangu mbegu iuzwe ndani ya nchi, au miaka 4 nje (6 kwa miti na mizabibu), nafasi imepita. Nakutajia kwa sababu ukifanya kazi Nyanda za Juu Kusini, nusu ya wanaokuja kwako watakuwa na mbegu mkononi, si mashine.

Milango iko minne: ofisi ya uhawilishaji ya chuo au taasisi ya utafiti, uchunguzi wa maombi kwenye ofisi ya hataza, kampuni ya mawakili inayohitaji mtu wa kuandika upande wa sayansi, na utafutaji wa taarifa za hataza kwa kampuni. Kwa tabia yako ya kutoacha swali, ningekushauri mlango wa kwanza. Uchunguzi unamfaa anayependa kukaa peke yake na maandishi siku nzima.

Pa kuanzia ni papo hapo ulipo. Kozi ya WIPO, shirika la miliki ubunifu duniani, inayoitwa DL-101 ni bure kwenye intaneti, imalize muhula huu. Kisha ingia Espacenet na Patentscope, hifadhi za hataza za mtandaoni, nazo ni bure, utafute hataza 10 za vipimo vya sumukuvu, usome madai tu, uandike kwa kila moja sentensi 2 za Kiswahili: inazuia nini, na inaacha nini. Nenda ofisi ya uhawilishaji ya chuo chako uombe kuwafanyia utafutaji wa aina hiyo kwa saa chache kwa wiki wakati ukiandika tasnifu. Wengi wana watu wachache mno, hawatakukataa. Shahada ya uzamili ya miliki ubunifu ipo, ile ya Africa University kule Mutare kwa ushirikiano na ARIPO na WIPO, lakini usiikimbilie kabla hujaonja kazi. Na kwenye wasifu wako, makala zako ziwe ukurasa wa mwisho. Mbele weka mikataba ya sampuli uliyoshughulikia, kampuni ulizoongea nazo, na tafutizi ulizofanya.

Swali moja kabla hujaendelea: kile kipimo ulichoniambia kinasoma sumukuvu bila kusaga mahindi kuwa unga laini, umeshakionyesha kwa mtu nje ya maabara? Kama bado, usikiweke kwenye bango la mwezi ujao. Niandikie dai la kwanza kwa maneno yako, hata likiwa bovu, tuliangalie pamoja.

Mama yako anakusalimu. Gunia la viazi analipakia kwenye basi Ijumaa.

Baba yako