Sufuria ya elfu nane bado inapika

Juzi binti mmoja wa Ngaramtoni kaniandikia: "Shikamoo mama. Nataka kuanza kuuza chakula, mtaji wangu laki mbili na nusu. Ninunue vyombo gani vitakavyodumu?" Marahaba mwanangu. Ningekujibu kwa mstari mmoja, lakini umenigusa pabaya, kwa hiyo utanivumilia.

Mwaka 2009 nilinunua sufuria soko la Mbuyuni, hapa Moshi, kwa shilingi elfu nane. Ya alumini, haina mikono, ina ule ukingo tu wa kukamatia kwa kitambaa. Muuzaji aliigonga kwa kidole ikalia, mimi nikaibonyeza tako kwa gumba. Haikubonyea. Hapo ndipo nilipoacha kubishana bei. Tangu siku hiyo naipikia mtori wa biashara. Imeshazika majiko matatu ya mkaa, jiko moja la gesi, pikipiki ya mume wangu na, niseme tu, ndoa yenyewe.

Sasa sikia. Mwaka 2016 kulikuwa na kitchen party ya binti wa ukoo kule Kibosho, nikajitolea kupika mtori. Ile nateremsha sufuria yangu kwenye bajaji, masizi yake chini, wifi yangu akapaza sauti mbele za watu: "Jamani wifi, hiyo si ya kuchemshia maji ya kunyonyolea kuku?" Wakacheka. Nikacheka nao. Usiku sikupata usingizi.

Mgao wa kikoba ulipotoka nikapanda gari hadi Arusha, nikanunua seti ya sufuria zile zisizoshika chakula, nyeusi ndani, mifuniko ya kioo. Laki moja na themanini. Nilizipanga kibandani kama vikombe vya ubingwa. Hazikumaliza mwaka. Kumbe ule utando mweusi huanza kuharibika joto likipita kama nyuzi 260, na jiko la mkaa lililopulizwa vizuri halina habari na nyuzi 260. Juu yake msichana wangu alikuwa anazisugua kwa stilwaya, na mimi mwenyewe nilikoroga kwa kijiko cha chuma. Siku moja dereva wa Hiace akatoa kitu cheusi mdomoni, akakiweka pembeni ya sahani, akaniuliza, "Mama, hii pilipili manga?" Nikamjibu ndiyo. Mungu anisamehe.

Jioni hiyo nikaifuata sufuria yangu uani, kwa kuku. Nayo ilikuwa imetoboka, tundu la kupita njiti ya kibiriti. Hilo kosa ni langu. Kwa miaka niliipikia kiburu, yale mapishi ya ndizi na maharage, na kiburu cha kwetu bila magadi maharage hayaivi upesi. Alumini hujijengea utando mwembamba unaoilinda, na magadi yanaula ule utando. Ndiyo maana sufuria inakuwa nyeusi ndani, halafu inachakaa kidogo kidogo bila wewe kujua. Fundi mmoja wa pale sokoni alipanua tundu kwa msumari, akapitisha kipande cha alumini kinene kama njugu, akakigonga ndani na nje mpaka kikalala sawa na tako. Shilingi elfu moja. Akamimina maji, akainyanyua juu ya kichwa changu akicheka. Sikulowa.

Basi mwanangu, nunua sufuria ya alumini, nzito. Bonyeza tako. Zile zinazosubuliwa mtaani kwa vyuma chakavu ziache hata kama ni nzito, maana humo huyeyushwa kila kitu na madini ya risasi yanaweza kuingia kwenye chakula. Kiburu pikia chungu. Chakula chenye nyanya nyingi au ukwaju usikilaze ndani yake, kihamishie kwenye bakuli. Ukipikia kuni, paka sabuni au udongo nje kabla ya kuinjika, masizi yatatoka kwa maji tu, hutahitaji kusugua. Na usiiache jikoni tupu. Nishaona ya jirani ikilegea tako kama chapati kwa sababu alikwenda kupokea simu.

Hayo ndiyo ya sufuria. Mengine ni ya moyo. Ninyi mabinti wa siku hizi mnataka kibanda king'ae siku ya kwanza, mkope, mpige picha, muweke mtandaoni. Mteja wa saa kumi na mbili asubuhi hapa stendi haangalii mfuniko wa kioo, anaangalia kama mtori ni wa moto na kama nyama ipo. Nunua sufuria nzito, nimesema. Nzito! Laki yako iliyobaki nunua ndizi na mkaa. Anayekucheka hakulipii kodi ya kibanda, mimi aliyenicheka hakunilipia hata mia.

Na Disemba iliyopita, watu wamerudi nyumbani kutoka Dar, nani kanipigia? Wifi. Ana ubatizo wa mjukuu, wageni wamezidi, vyombo vyake havitoshi. "Wifi yangu, ile sufuria yako kubwa bado ipo?" Nikampelekea mwenyewe, nimeipaka sabuni chini tayari. Ilirudi Jumatatu. Wameisugua kwa mchanga ndani na nje, ila kile kiraka cha fundi hakijatikisika.