Ukisikia stori nusu, ondoka nayo hivyo hivyo

Watu wengi wanaotaka kuandika hadithi wananiambia shida yao ni moja tu, hawana wazo. Mtu anakaa na daftari anatafuta kitu kikubwa, vita, uchawi, mapenzi ya tajiri na maskini, anaandika ukurasa wa kwanza kwa moto alafu wa pili unakauka. Mimi niko hapa Busia upande wa Uganda, nina kibanda cha mobail mani, ya kutuma na kutoa pesa kwa simu, karibu na barabara ya kwenda mpakani, na ninaandika hadithi kwa Kiswahili usiku nikishafunga. Kitu kimoja kimenisaidia sana na nataka nikieleze vizuri manake naamini kitamsaidia na mwingine: wazo la hadithi halitoki kwa stori nzima, linatoka kwa stori nusu. Stori nzima wenyewe wameshaimaliza, wewe utairudia tu. Ile nusu ndio inakuachia kazi.

Ngoja nitoe mfano. Mzee mmoja alikuja kutoa pesa, amevaa koti zito na jua lilikuwa kali, akanipa simu yake ya vitufe nione meseji. Ameingiziwa shilingi 200,000. Nikamwomba kitambulisho akatoa, kila kitu sawa, nikaanza kuhesabu noti, ndio akaniuliza pole pole, "Mwanangu, huyu mwenye ametuma ni nani?" Jina kwa meseji ni la mwanamke na yeye halijui. Nikamwambia labda mtu amekosea namba, tunaweza kupiga simu kwa kampuni waangalie. Akanyamaza kidogo akasema, "Basi usitoe. Wacha ikae." Akachukua simu akaenda zake.

Rafiki yangu nilipomsimulia akaniambia si ungempigia huyo mwanamke ujue! Kama wakala sawa, mteja akitaka msaada nampa. Lakini kama mwandishi sitaki kujua kabisa. Siku nikiambiwa ni mpwa wake alibadilisha laini, stori imekufa. Bila kuambiwa, usiku ule nilikaa na maswali. Kwa nini mtu mwenye shida ya pesa aache pesa? Nikaandika majibu bila kuchagua: labda ni mtoto aliyemkataa zamani. Labda ni mke aliyevuka akaenda Nairobi na akabadilisha jina. Labda mzee ni shahidi kwa kesi ya shamba, na kuna mtu anataka anyamaze.

Nikachukua la tatu, na sababu yake ni muhimu kwenu mnaoanza. Lile la mtoto na lile la mke ni mazuri, yana machungu, lakini yanaweza kukaa hata miaka kumi bila kitu kutokea. Kesi ina tarehe. Mzee hajagusa pesa, hajasema ndio, lakini pesa iko kwa simu yake na meseji iko pale pale, sasa siku ya kesi ikifika amehongwa ama hajahongwa? Akiirudisha, anairudisha kwa nani? Akimwambia mwanae, mwanae ana deni la ada ya shule, atasema nini? Unaona vile maswali yanazaana yenyewe. Ukiwa na majibu mengi chagua lile lenye siku ya mwisho, na lile linalombana mhusika wako hata akikaa kimya bila kufanya kitu.

Hii kitu ya kukataa mwisho sikuibuni mimi. Henry James, mwandishi Mmarekani aliyeishi Uingereza, alieleza kwamba stori yake moja ilianzia kwenye meza ya chakula kipindi cha Krismasi, jirani yake mezani akataja tu mama mmoja aliyegombana vibaya na mwanae wa pekee juu ya fanicha za nyumba ya marehemu baba. Basi. Yule jirani akawa anaendelea kusimulia na James moyoni anatamani anyamaze, manake mbegu ameshaipata na yale mengine aliona yanamharibia. Mimi nikisoma hiyo nilifurahi sana, nikajua siko peke yangu.

Namna ya kuandika hizo nusu pia ina maana. Usiandike kwa daftari "mzee mwenye huzuni", hiyo kesho haitakuambia kitu. Andika koti zito juani. Andika maneno kama yalivyotoka mdomoni, "wacha ikae", kama ni Kisamia andika Kisamia, kama ni Luganda acha Luganda. Andika mtu alishika nini mkononi, na kitu gani hakikuingia akilini. Mistari miwili mitatu inatosha. Ukianza kujaza maelezo marefu pale pale unaifunga kabla haijapumua.

Kuna wenye wataniambia mimi nina bahati niko mpakani, watu wanapita usiku na mchana, malori, wabadilisha pesa, bodaboda ambazo hata jina lake linatokana na huu mpaka wetu, enzi zile za baiskeli za kuvusha watu. Kweli nina bahati. Lakini hata ukikaa kijijini kwenye hakuna kitu kinapita, wazee wapo, na wazee wamepitia mambo. Shida ni kwamba tukisikia historia tunakimbilia serikali na majeshi. Nenda chini, tafuta kitu kinachoshikika kwa mkono.

Chukua mwezi wa tano 1987. Serikali ya Uganda ilileta shilingi mpya, 100 za zamani zikawa 1 mpya, na juu ya hapo ikakatwa kodi ya asilimia 30. Mwenye kupeleka 100,000 alirudi na 700. Mwandishi akianza na waziri wa fedha ataandika makala ya gazeti. Anza na mkebe. Mama mmoja amefukia mkebe wa pesa kwenye shamba la matoke, mume hajui, ni pesa ya kumwondokea siku mambo yakizidi. Sasa redio inatangaza pesa ile itakuwa makaratasi. Akiifukua aende kubadilisha, mume atajua, na atajua ilikuwa ya nini. Akiiacha, inaozea ardhini pamoja na safari yake. Siku zinaisha. Na ile sheria ni ya kweli, hukuibuni wewe, kilichobuniwa ni mama na mkebe tu, ndio maana msomaji atakuamini. Hata karibu hapa, shule zilifungwa Machi 2020 zikaja kufunguka kabisa Januari 2022, kila mwalimu aliyegeuka kuuza chapati ana nusu stori yake, nendeni mkakae kwenye hilo benchi la rolex, chapati ya kukunja na mayai, mle polepole.

Wakati mwingine nusu moja inakaa tu haisongi. Mimi huwa naiweka karibu na nyingine isiyohusiana nayo kabisa. Nilikuwa nimeandika kuhusu msichana anayevuka asubuhi na trei za mayai kwenda Kenya, na jioni anarudi nazo zimejaa vile vile. Peke yake ilikuwa picha tu. Nilipomweka kwenye stori ya mzee wa koti, akawa mjukuu wake, na mayai hayakuwa biashara, yalikuwa sababu ya kuvuka, manake mwenye alituma pesa yuko upande wa pili na mtu lazima apeleke majibu bila kutumia simu. Hapo ndio nilipata nguvu ya kuandika.

Na hapa naomba mnisikie vizuri sana. Watu wananiamini na pesa zao na siri zao. Sijawahi kuandika jina la mteja, namba, wala kiasi, na hata yule mzee wa juu hapo nimembadilisha, koti, pesa, jina la mtumaji, vyote si vyenyewe, hata hiyo shida ya mtoto na ada nimeibuni. Maisha ya mtu sio mali yako eti kwa sababu uliyasikia. Kanuni yangu ni kubadilisha angalau vitu vitatu, jinsia, kazi na mahali, hadi mwenyewe akisoma asijione. Na uzuri wake ni kwamba mabadiliko yenyewe yanakuletea mawazo mapya. Hamisha ile kesi kutoka shamba la Busia uipeleke kisiwani Kalangala, ndani ya Ziwa Victoria, haiwezi kuwa ya shamba tena, itakuwa ya mtumbwi na injini, shahidi atakuwa mwanamke anayeanika mukene, yaani dagaa, ufukweni, na kama mtandao unashika juu ya kilima tu, ile meseji ya pesa ataiona akiwa amesimama mbele ya watu. Ni stori nyingine kabisa, na sasa ni ya kwako.

Kwa hiyo wiki hii usikae mezani kutafuta wazo. Nenda mahali watu wanasubiri. Steji ya taksi kabla haijajaa, foleni ya maji, saluni, benchi la kliniki. Toa hizo hedifoni masikioni. Usiwe mdaku wa kumwuliza mtu maswali ya ndani ili upate cha kuandika, sikiliza tu kinachosemwa mbele ya watu. Na akitokea mtu anayetaka kukusimulia yote, kaa umsikilize kwa heshima mpaka amalize, ni maisha yake na pengine hana mwingine wa kumwambia. Ila ukifika nyumbani, kwa daftari andika mpaka pale ulipoanza kujiuliza, ukate hapo.