Usiuze meza ya plasma kwa bei ya chuma chakavu

Mkuu, nimesoma swali lako: meza ya plasma (mashine ya kukata bati kwa moto wa umeme ikiongozwa na kompyuta) ya futi 4 kwa 8, kompyuta yake ya zamani imekufa, na mnunuzi wa chuma chakavu hapo Moshi ameshakutajia bei ya kilo. Nakuomba usimuuzie. Nina karakana Unga Limited, Arusha, tunatengeneza bampa na kerieri za magari ya watalii, na meza kama hiyo niliifufua mwenyewe. Leo ndiyo inayotulisha.

Anza na chuma, umeme baadaye. Zima kila kitu, sukuma daraja, ile boriti inayobeba tochi ya kukatia, kwa mkono. Likitembea laini mwanzo hadi mwisho na meno ya reki (reli yenye meno inayosogeza daraja) hayajalika, una meza. Yangu ilidai beringi nne tu na kuosha reki kwa dizeli, maana vumbi la chuma lilishagandana na grisi likawa kama lami. Mota za stepa niliziacha, nikabadilisha draiva zinazoziendesha na pawasaplai.

Kontrola, yaani programu ya kompyuta inayoongoza meza, nilichukua LinuxCNC. Ni ya bure na ina sehemu ya plasma iitwayo QtPlasmaC. Nikaongeza kadi ya Mesa, inayopitisha amri za kompyuta kwenda kwenye draiva, nayo inaunganishwa na kompyuta kwa waya wa mtandao. Wapo wanaotumia Mach3, programu nyingine ya kazi hiyo, na kazi inaenda, ila ukiitumia kwa poti ya printa, haikubali Windows ya biti 64. Utaanza tena kusaka kompyuta kuukuu, na kuukuu ndiyo iliyokufia.

Sasa hapa tulia, ndipo wengi wanapokata tamaa. Siku ya kwanza meza ilitembea vizuri bila moto. Nilipowasha plasma, redio ya karakana ilikoroma, daraja likasimama, kioo kikaandika kuwa limiti swichi, ile ya kusimamisha daraja likifika mwisho, imeguswa. Hakuna swichi iliyoguswa. Nikabadilisha swichi, nikabadilisha waya, nikaanza kuishuku kadi. Wiki mbili zikaenda hivyo, na wateja wanataka magari yao kabla ya msimu wa Juni.

Jibu lilikuwa kwenye ile redio. Plasma yangu ni ya zamani, huanzisha moto kwa cheche za masafa ya juu, na mawimbi yake hurukia kila waya ulio karibu. Waya zangu za swichi zilikuwa za volti 5, nimezifunga bega kwa bega na kebo ya tochi. Nilichofanya: swichi zote nikazihamishia kwenye volti 24, nikatumia waya wenye ganda la kinga, ganda likaunganishwa na ethi upande wa kabati la umeme peke yake. Kebo ya tochi nikaipitisha upande wa pili wa daraja. Nje ya ukuta nikachimbia fimbo ya shaba, halafu meza, daraja, kabati na plasma kila kimoja kikapata waya wake mnene hadi sehemu moja iliyoungwa na fimbo hiyo. Daraja usilisahau: linakanyaga magurudumu yenye grisi, kwa hiyo usilihesabu kuwa limeshagusa ethi kupitia meza. Jioni hiyo nikawasha. Redio ilikoroma kama kawaida, daraja likaendelea na safari yake. Nilifurahi sana.

Kabla ya kuchoma bati lolote, funga kalamu mahali pa tochi. Chora mstatili wa milimita 800 kwa 600, upime pembe kwa pembe. Mistari yote miwili inatakiwa iwe 1000. Yangu ilitoka 1004 na 996, maana upande mmoja wa daraja ulitangulia. Ukiruka hatua hii, kila bampa litakuja kukusumbua kwenye kuchomelea.

Jambo la mwisho ni urefu wa tochi. Kontrola hupima volti za moto: zikipanda, inajua tochi iko juu, inaishusha. Lakini kwenye kona meza hupunguza mwendo, mkato unapanuka, volti zinapanda ingawa tochi iko pale pale, nayo inashushwa hadi inagonga bati. Nilipoteza nozeli (ncha za tochi) kadhaa kabla ya kuelewa. Kuna mpangilio wa kufunga urefu mwendo ukishuka chini ya kiwango fulani; mimi nimeweka asilimia 90 ya mwendo uliopangwa. Matundu madogo ya bolti nayakata kwa asilimia 60 ya mwendo, urefu ukiwa umefungwa kabisa. Volti hizo usiziingize moja kwa moja kwenye kadi, lazima zigawanywe kwanza ziwe ndogo, na kigawanyio kikae upande wa plasma. Kabla ya kufungua kifuniko chake, chomoa umeme, subiri, kisha upime: kapasita za ndani hubaki na chaji.

Masika yakianza, mwaga maji ya kompresa kila asubuhi. Hewa yenye maji inakula elektrodi ya ndani ya tochi.

Usikate waya hata mmoja wa kabati la zamani kabla hujapiga picha na kubandika namba. Halafu niambie hapa: ukiwasha tochi mbali na bati, redio iliyo karibu inakoroma, au moto unatoka kimya? Nikijua hilo, nitakueleza waya za plasma yako tuzipitishe wapi.