Kabla ya kusema filamu ni mbaya, niambie uliona nini

Wiki mbili zilizopita nilipata ujumbe kutoka kwa dada mmoja wa Kakamega anayesoma makala zangu. Aliuandika usiku, saa sita kasoro. "Kaka, nimetazama Supa Modo na mdogo wangu. Nimelia mpaka kichwa kikaniuma. Nikaandika kwenye kikundi chetu cha WhatsApp kwamba ni filamu nzuri sana. Wakaniuliza nzuri kwa nini, nikakosa la kusema. Mmoja akasema mimi nalia hata nikitazama matangazo ya sabuni, wote wakacheka. Nifanye nini ili nami niweze kuongea kuhusu filamu kama nyinyi?"

Dada yangu, ujumbe wako niliusoma mara tatu. Nilikuahidi jibu refu, nalo linaanzia mbali kidogo.

Nilikulia Bondeni, hapa Nakuru. Nyuma ya nyumba zetu palikuwa na kibanda cha video: mabati pande tatu, gunia mlangoni, mabenchi sita, na televisheni moja iliyofungwa kwa mnyororo kwenye nguzo. Mtoto alilipa shilingi tano. Lile gunia lilikuwa na tundu, na ikifika saa tisa jua lilipenya hapo likapiga kioo cha televisheni, pale pale usoni pa staa. Ungemsikia anapigana lakini uso humwoni. Basi mwenye kibanda akaweka sheria kwamba mtoto atakayeziba tundu kwa kiganja mpaka jua lisogee anaingia bure. Mtoto huyo mara nyingi nilikuwa mimi, kwa sababu shilingi tano kwetu ilikuwa na kazi nyingine. Filamu nyingi za utoto wangu nilizitazama mkono mmoja ukiwa juu, bega likiwaka moto.

Nikitoka nje nilikuta vijana wenzangu waliokosa hela wamekaa juu ya mawe wakinisubiri. Kazi yangu ilikuwa kuwasimulia. Huko ndiko nilikosomea. Nikisema "ilikuwa kali sana", walinirushia kokoto. Ukali wangu haukuwasaidia kitu. Walitaka kujua nani aliingia kwanza, alivaa nini, alishika nini mkononi, na yule mwingine alipogeuka alifanya uso gani. Nikiwapa hayo, walinyamaza kabisa. Na mwisho wa filamu sikuwaambia kamwe, kwa sababu huenda kesho mmoja wao angepata shilingi tano zake. Baadaye sauti ya DJ Afro ilipojaa vibandani, akizungumza Kiswahili cha mtaani juu ya filamu za Kihindi na za Kichina, mimi sikushangaa watu kumpenda. Nilielewa kazi anayoifanya. Mtu ambaye Kiingereza kimempita au Kihindi hakijui anaonyeshwa jambo kwa maneno.

Miaka ya katikati naiacha. Ni shule, kazi, kodi ya nyumba.

Mwaka wa 2017 rafiki alinipeleka kwenye kikundi cha wapenda filamu hapa mjini. Tulikutana Jumapili ya mwisho wa mwezi kwenye chumba cha nyuma cha hoteli moja, shilingi mia kwa kila mtu, chai na mandazi ndani yake. Watu walizungumza vizuri. Walisema "mwendo wa hadithi", "uhusika haujakomaa", "rangi za picha". Mimi niliona aibu ya Bondeni ikinipanda. Nikaanza kusoma maoni ya watu kwenye intaneti ili nipate maneno kama yao, na hapo ndipo nilipopotea.

Mwezi huo mjadala ulikuwa Nairobi Half Life, ile filamu ya David "Tosh" Gitonga ya mwaka 2012, filamu ya kwanza kabisa Kenya kuipeleka kushindania Oscar. Kila mtu alitakiwa kuja ameshaitazama. Mimi nilikuwa nimetazama vipande viwili kwa simu, dakika tatu tatu, nikamalizia kwa maoni ya watu. Zamu yangu ilipofika nikasimama, nikasema kwa sauti ya mtu anayejua, kwamba filamu ile inatukuza uhalifu na kuwapotosha vijana wetu.

Palikuwa na mwalimu mmoja mstaafu, miwani yake imeshikwa kwa uzi. Akaniuliza kwa upole kabisa: "Kijana wangu, yule mvulana alipokuwa anasugua choo cha seli, hapo uliona akitukuzwa?"

Nikamwambia: "Choo gani?"

Chumba kizima kilisikia. Aliyeitazama filamu ile hawezi kuuliza choo gani. Mwas anafika Nairobi, anaibiwa, anakamatwa, na huko rumande anasugua choo ambacho hata kukitazama kwenye skrini unaziba pua. Mwalimu hakuniambia neno jingine. Alitikisa kichwa taratibu, akanywa chai yake. Lakini wengine walicheka, na kabla sijafika nyumbani, kikundini tayari walikuwa wamenibatiza Choo Gani. Jina hilo lilinifuata miezi saba. Nilipopata mtoto wangu wa pili na kuwatangazia, wa kwanza kujibu aliandika: "Hongera, Choo Gani."

Mwalimu sikumkasirikia hata siku moja. Waliocheka ndio ambao bado najitahidi kuwasamehe. Mmoja aliniambia mwaka jana kwamba ilikuwa mchezo tu. Mchezo una wachezaji wawili, na mimi siku hiyo nilikuwa peke yangu.

Usiku ule ule niliazima diski kwa jirani, nikaketi kuitazama filamu kwa mara ya kwanza. Unajua inaanzaje? Inaanza na kijana wa kijijini anayeuza filamu, na kila anapotaka kumvuta mteja anaigiza yaliyomo, staa yeye, adui yeye, mpaka watu wanasimama kumtazama. Nilisimamisha filamu hapo hapo. Yule alikuwa mimi. Yule ni mtoto wa Bondeni aliyetoka kibandani akiwa na mkono mmoja umekufa ganzi, amezungukwa na wenzake juu ya mawe. Mtu alinitengenezea filamu inayoanza na utoto wangu, na mimi nikasimama mbele ya watu ishirini nikaitukana kwa maneno ya mtu mwingine, bila hata kuufikia mwanzo wake. Nililia, dada yangu. Kwa hiyo usinionee haya kwa machozi yako.

Ushauri wangu ni huu, na nitaurudia mpaka uchoke: tazama filamu mpaka mwisho, kisha sema ulichoona. Usianze na nzuri wala mbaya. Anza na kitu kimoja ulichokiona kwa macho yako: mkono, mlango, nguo, sura. Mpe mwenzako kitu hicho, halafu umwambie kilikufanya nini. Maneno makubwa yakija baadaye, yaje. Yasipokuja, hujapungukiwa.

Jumapili iliyopita nilipata ushahidi wake. Nilikirudia kikundi, na sasa mimi ndiye ninayekiongoza, jambo ambalo silifichi kwamba linanipa fahari. Tulitazama Kati Kati ya Mbithi Masya, ya mwaka 2016, ambayo ilipata tuzo ya wahakiki kule Toronto. Mwanamke anaitwa Kaleche, anajikuta nyikani akiwa amevaa gauni la hospitali, hakumbuki kitu, anafika kwenye nyumba za wageni ambako wenyeji wanamwambia amekufa. Filamu ina saa moja na robo hivi. Niliweka sheria moja tu: hakuna kusema imenipendeza au haikunipendeza mpaka kwanza utaje kitu kimoja ulichokiona.

Kuna kijana wa bodaboda ambaye amekuja mikutano mitano bila kufungua mdomo. Siku hiyo aliinua mkono. Akasema: "Mimi niliangalia lile gauni. Nilipogonga lori barabara ya Njoro, niliamka nimevaa kama lile, limefungwa nyuma kwa kamba, na sikujua nani alinivua nguo zangu. Hata kabla sijaona mguu ulivyovunjika, nilitafuta nguo zangu. Huyu dada naye anatembea tu na lile gauni, haulizi nguo zake ziko wapi. Nikajua hapo kwamba huyu hayuko na sisi tena."

Hakuna aliyecheka. Tulizungumza saa mbili, muda mrefu kuliko filamu yenyewe, na kila aliyefuata alirudi kwenye lile gauni. Mimi nimeitazama Kati Kati mara nne na sijawahi kulifikiria gauni namna hiyo. Kijana yule hana neno moja la wahakiki wa Toronto mdomoni mwake.

Sasa nataka niseme na wewe ambaye hukuandika ujumbe lakini unasoma, hasa wewe uliye mwepesi wa kuandika "takataka" chini ya filamu za kwetu. Mwaka wa 2018 filamu ya Wanuri Kahiu iitwayo Rafiki, kuhusu wasichana wawili wanaopendana, ilipigwa marufuku Aprili, na Septemba Mahakama Kuu ikaondoa marufuku hiyo kwa siku saba tu. Kumbuka miezi ile. Kila mtu alikuwa na maoni, kwenye matatu, kinyozi, kanisani. Nilimuuliza kila niliyebishana naye kama ameiona. Unaweza kuwa na msimamo wako kuhusu jambo linalozungumziwa, na hiyo ni haki yako. Ila hiyo ni hoja ya jambo, filamu bado hujaisema. Filamu utaisema ukiitazama.

Na tusidanganyane kwamba uzito ni mmoja. Filamu kubwa ya Marekani haiangushwi na maneno yako. Walioitengeneza Jumatatu wako kazini. Mwenzetu wa hapa amekopa, ameomba kamera, amewalisha waigizaji ugali wa mfukoni mwake. Ukimkosoa, mkosoe sana, hata kwa ukali, mradi uwe umekaa naye mpaka jina la mwisho likapita kwenye skrini. Mwambie: dakika ile, mlangoni, mama yule alijibu upesi mno, sikumwamini. Hilo anaweza kulifanyia kazi. Atafanyia nini kazi neno "takataka"? Mimi niliwahi kulisema kwa namna yangu, najua linatoka wapi. Linatoka kwa mtu anayeogopa kuonekana hajui.

Mwisho wa filamu nao uache, jamani. Nimesema kibandani sikuwamalizia wenzangu, na hapa siwezi kumalizia mtu. Wako wanaotazama leo usiku.

Sasa nirudi kwako, dada wa Kakamega. Supa Modo ya Likarion Wainaina, iliyoanza kuonyeshwa Berlin mwaka 2018, si filamu ya kukosa la kusema. Una Jo, mtoto wa miaka tisa, ambaye Stycie Waweru alimwigiza kana kwamba hakuna kamera. Anaugua ugonjwa usio na dawa, anapenda filamu za mapigano kupita chakula, mamake anamtoa hospitalini na kumrudisha nyumbani, na dadake anaanza kumfanya aamini kwamba ana nguvu za ajabu. Wewe uliitazama ukiwa na mdogo wako ubavuni. Watu wale wa kikundi chenu hawakuwa kwenye kiti hicho.

Sisi tutaitazama Jumapili ya mwisho ya mwezi ujao, na ningependa kuanza mjadala kwa ujumbe wako, nikiusoma mimi mwenyewe, bila jina lako. Niandikie tena. Safari hii usiniambie ni nzuri. Niambie ni wapi hasa machozi yalianza, Jo alikuwa amevaa nini, nani alikuwa amesimama karibu naye, na mdogo wako wakati huo alikuwa ameshika nini.